Mwalimu wa Juu na Neno Kiasi

Mtaani kwetu Kibokoni, habari njema haikuwa habari mpaka itoke kwenye dirisha la mwalimu wetu wa hesabu. Aliishi ghorofa ya pili, juu ya duka la misumari na kamba, katika kichochoro kinachotokea Ndia Kuu, na dirisha lake la mbao lilitazama baraza mbili zinazokabiliana. Matokeo ya mitihani yalipotoka, wasichana aliowafundisha hesabu walipanda kwake kwanza, kabla hata ya kwenda kwa mama zao. Yeye alitazama karatasi, akauliza maswali mawili matatu, kisha akajitanda mtandio, akasukuma mbao za dirisha na kutangaza. "Jamani! Msichana wangu kapata A ya hesabu! Asosikia na aulize!" Chini waliitikia mashallah, na mwenye duka la misumari, mzee Mhindi wa Kibohora ambaye binti zake wawili walisomeshwa kwenye mkeka ule ule tuliosomea sisi, aligonga mizani yake kwa nyundo kuonyesha kwamba amesikia.

Tulimwita Mwalimu wa Juu. Wageni walidhani ni kwa ajili ya elimu ya juu, naye hakuwasahihisha, ingawa alikuwa mtu wa kusahihisha kila kitu kingine. Ukweli ni ngazi tu. Alikaa juu, na mtoto aliyetumwa kwake aliambiwa aende kwa mwalimu, yule wa juu. Hakuwahi kufundisha kwenye shule yoyote. Miaka yake ya kazi aliimaliza Shimanzi, kwenye maabara ya kiwanda cha mafuta ya kupikia na sabuni, na hesabu alitufundisha baada ya Alasiri, akirudi na harufu ya magadi kwenye mikono.

Mimi alinitangaza mara mbili. Ya kwanza ilikuwa A kama za wenzangu. Ya pili ndiyo iliyoniponza. Nilikuwa nimeitwa chuo kikuu huko bara, kusomea uhandisi wa kemikali na hisabati kwa pamoja, shahada mbili ndani ya miaka sita, na kwenye barua palikuwa na kisanduku cha kuchagua moja iwapo mtu anaona mbili zitamlemea. Kalamu nilikuwa nayo tayari mkononi.

"Weka kalamu," akaniambia. "Hesabu bila kiwanda ni maneno. Kiwanda bila hesabu ni ajali. Usichague."

Kisha akaenda dirishani. "Huyu hakuchagua! Kayatwaa yote mawili!"

Mama yangu, ambaye alikuwa chini barazani, alisema polepole kwamba mshika mbili moja humponyoka. Alisema polepole, lakini kichochoro chetu ni chembamba na maneno hupanda. "Alosema hivyo hakushika sawa!" Mwalimu akajibu kutoka juu, na baraza zote mbili zikacheka. Tangu siku hiyo yule mama anayekaanga viazi karai pale pembeni hakuniita tena kwa jina langu. Aliniita Mbili. Nikirudi likizo, kabla sijashusha begi, nasikia, "Mbili, chuo chaendeleaje?" Nami hujibu alhamdulillahi, nikapita haraka.

Nilipita haraka kwa sababu mwaka wa nne moja iliniponyoka. Nilifeli somo la uchanganuzi, lile somo la hisabati ambamo huulizwi jibu ni ngapi bali unaulizwa una hakika gani kwamba jibu lipo. Barua ya chuo ilinipa njia mbili. Ama nijaze fomu ya kuacha hisabati niendelee na uhandisi peke yake kwa amani, ama nirudie mtihani, na nikianguka tena niondolewe shahada zote mbili. Kwa miezi saba sikumwambia mtu. Mama sikumwambia kwa huruma. Mwalimu wa Juu sikumwambia kwa woga, na nataka nieleze alikuwa mtu wa aina gani hata nikamwogopa hivyo, maana hakuwahi kumpiga mtu wala kumtukana.

Kwanza, lilikuwapo neno kiasi. Nyumbani kwetu neno hilo hutosha. Chumvi kiasi, nazi kiasi, moto kiasi, na kila mpishi anaelewa. Kwake halikupita. Ukisema umesoma kiasi, anauliza kiasi gani. Ukisema unaumwa na kichwa kiasi, anauliza kiasi gani, na mpaka umpe jibu la maana dawa huioni. Siku moja rafiki yangu, msichana mpole aliyekaa karibu na Forodhani, aliulizwa swali la kona za pembetatu akasema hajui. Sisi wengine tulishusha macho kwenye madaftari.

"Siyui si jibu," Mwalimu akamwambia. "Kila mtu hayui. Mimi siyui, mamako hayui, yule wa misumari hayui. Wewe huyui kiasi gani? Huyui swali lataka nini, au huyui pa kuanzia, au wayua mpaka hapa kati kisha wapotea?"

"Napotea hapa kati," akasema rafiki yangu.

"Basi wayua nusu. Mbona wajinyima?"

Neno hilo lilishuka ngazi likaenea mtaa mzima. Watu waliuliziana kiasi gani kwa mzaha, hasa vijana wa barazani. Mtu akisema amechoka, wanamdaka, kiasi gani? Yeye alisikia yote hayo na hakucheka, kwa sababu kwake halikuwa mzaha.

Pili, palikuwa na wino. Penseli alizichukia. Mwanafunzi mpya akija na penseli na kifutio, vilichukuliwa vikawekwa kwenye kopo la biskuti juu ya kabati, na nadhani kopo hilo lilikuwa na vifutio vya miaka yote. Kosa lako uliandike kwa wino, alisema, ulikate kwa mstari mmoja ili lisomeke, kisha uandike sahihi chini yake. Daftari langu la darasa la nane limejaa mistari hiyo hata linatia aibu. Nilimuuliza mara moja kwa nini, nikiwa mdogo na sijui kuogopa. Alinitazama muda mrefu, akasema nitafute eneo la duara. Nilidhani nimemkera.

Asije mtu akadhani alikuwa mtu wa kipimo katika kila jambo. Alikuwa amejaa vurugu kama sisi. Mahamri yake alipima kwa gramu, unga, sukari, hamira na hata iliki, kwenye mizani ndogo aliyokuja nayo kutoka maabara alipostaafu, na yalikuwa magumu ajabu. Mtaa mzima ulijua. Siku za Ramadhani alituma sahani nyumba kwa nyumba, watu wakapokea kwa heshima na kuyachovya kwenye chai mpaka yakubali. Mama yangu, anayepima unga kwa kiganja, yake huvimba kama anayafanyia makusudi. "Kosa lake ni kuyapima mno," Mama husema, "hamri lataka kuachiwa."

Tena yeye aliyehesabu kila kitu hakuhesabu watu. Hatukuwahi kujua tulikuwa wangapi kwenye mkeka ule, na msichana aliyeanza kutuhesabu kwa kidole alishikwa kidole kikakunjwa. Watu hawahesabiwi, alisema, watapungua. Kabla ya mtihani wa kidato cha nne alitukusanya na kalamu zetu, akatia udi kwenye chetezo, akazizungusha kalamu moshini huku anasoma dua. Nilimwambia kwamba hesabu haina jicho baya. "Hesabu haina," akanijibu, "watu wanalo." Niliuvuta moshi huo mpaka nikakohoa, na kusema kweli niliingia kwenye chumba cha mtihani nikiwa na amani.

Lakini kilichomfanya awe yeye ni matangi. Kiwanda kilikuwa na matangi makubwa ya mawese, marefu kuliko nyumba zetu za mtaani, na kila asubuhi mtu alipanda juu kupima mafuta yamefika wapi. Kazi ilikuwa ya mwanamume mmoja ambaye aliumwa na mgongo, na kwa sababu maabara ndiyo iliyohitaji hesabu hizo, Mwalimu alisema atapanda mwenyewe. Wanaume waliangua kicheko. Yeye akakunja buibui akalifunga kiunoni juu ya suruali, akashika ngazi ya chuma na tepu ndefu yenye timazi la shaba, akapanda. Alipanda hivyo miaka kumi na zaidi. Sisi wasichana tulimtaka aturudie kisa hicho kila mara, na kila mara tulimuuliza kama hakuogopa. Alisema aliogopa kila siku, kuanzia ngazi ya kwanza mpaka ya mwisho, na kwamba ngazi alizijua ni ngapi.

Sasa, mawese ni mafuta mazito. Ukishusha tepu mpaka chini ya tangi, inarudi imejipaka yote na husomi kitu. Kwa hiyo hupimi mafuta. Unapima pale yasipokuwapo, kutoka mdomo wa tangi mpaka usoni pa mafuta, nafasi iliyo tupu. Kimo cha tangi zima unakijua. Ukitoa utupu, kilichosalia ndicho ulicho nacho. Alituchorea jambo hilo ubaoni mara nyingi mno, tangi na mstari na mshale, na chini yake aliandika pima utupu. Tulilichukulia kuwa somo la kutoa.

Nilikwenda bara nikiwa na maneno hayo kichwani, na mwanzoni yalinifaa. Chuoni nilikaa kati ya idara mbili zinazodharauliana. Wahandisi waliniita Bi Thibitisha. Watu wa hisabati waliniita fundi wa mabomba. Asubuhi mhadhiri wetu wa uhandisi alisema tuchukue jibu lililo karibu, tuongeze akiba ya usalama, twende, mtambo haungoji. Mchana yule wa hisabati aliandika ubaoni kwamba kabla hatujatafuta jibu tuthibitishe kuwa lipo, na kwamba ni moja tu. Mwaka wa kwanza nililiona jambo hilo ni tamu. Nilijisikia ninajua siri ambayo kila upande unaificha.

Mwaka wa nne likageuka. Ratiba ziligongana, nikawa nakimbia uwanja mzima nikiwa na koti la maabara mkononi, nikifika nimechelewa kote kuwili. Niko maabara nasubiri mchanganyiko upoe, najiuliza nani amenihakikishia kwamba namba ninayoitafuta ipo. Niko kwenye uchanganuzi, mkono unataka kuandika takriban. Nikaanza kuogopa vitu visivyoogopwa. Nilirudia kufunga vali mara tatu. Niliandika mstari mmoja wa thibitisho nikaukata, nikauandika tena vile vile. Kwenye mtihani wenyewe niliandika jina langu na namba yangu, nikasoma swali la kwanza, nikahisi sijui chochote, si la kwanza tu bali chochote, miaka yote minne imemwagika. Nilikaa saa mbili. Nilitoka na kurasa ambazo sitaki kuzikumbuka.

Nikaja likizo mara mbili na siri hiyo. Kila nilipokuja nilipanda kumwamkia, maana kutopanda kungekuwa ni kusema. Nilimweleza habari za mabomba na tanuri, joto linavyohama kutoka kwenye mvuke kwenda kwenye maji, na yeye aliuliza maswali ya mtu aliyeyaona. Nikishuka, mama wa viazi anauliza, "Mbili, umemfurahisha mwalimu wako?" Nilisema nimemfurahisha. Nilijichukia mpaka nafika nyumbani.

Safari ya tatu nilikuwa na fomu ya kuacha hisabati ndani ya mkoba, imejazwa yote isipokuwa saini. Ilitakiwa ifike Ijumaa. Nilipanda Alhamisi, baada ya Alasiri, nikiwa nimeamua kumwambia, na kwenye kila ngazi nikiamua tena kutomwambia.

Alikuwa amebadilika. Sukari ilikuwa imemla macho, na ugonjwa wa kifua uliompata tangu likizo iliyopita ulikuwa umemwachia sauti ndogo ya kukwaruza. Mkeka ulikuwa umekunjwa ukutani. Wasichana wa siku hizi, alisema, hufundishwa na simu, na ni sawa, simu haiwapi mahamri magumu. Nilishangaa kwamba alijua.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Ndoo ukae karibu. Mato yangu yaona vivuli tu."

Nikakaa. Nikaanza na mabomba. Nilisema habari za mnara wa kuchujia mafuta, nikasema habari za pampu, nikasema tulivyotembezwa kwenye kiwanda kimoja, nikaongeza na chakula cha bwenini. Nilizungumza nusu saa bila kuvuta pumzi. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Nilipomaliza, tukasikia mwenye duka la misumari akimwaga misumari kwenye mizani.

"Mwaka huu umekuya mara tatu," akasema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Mara ya kwanza wanipa mabomba. Ya pili wanipa tanuri. Leo wanipa mpaka maharagwe ya bwenini. Hesabu hukuitaja hata mara moya." Akanyoosha mkono akanitafuta goti, akalipata. "Mimi napima utupu, mwanangu. Wasahau?"

Nililia. Sina njia nzuri ya kulisema. Nililia kama mtoto, nikamwambia yote, mtihani, barua, miezi saba, fomu, na jinsi ninavyoogopa kurudia kwa sababu nikianguka naanguka na zote mbili, na jinsi ninavyoogopa kuacha kwa sababu yake. Sikumwona akikasirika. Alingoja mpaka nikapenga kamasi.

"Miezi saba," akasema. "Mimi nilikaa siku tatu."

Ndipo aliponieleza jambo ambalo katika visa vyote vya matangi hakuwahi kututolea. Karatasi yake ya kupimia ilikuwa na safu mbili, moja ya tupu na moja ya jaa, yaani kimo cha mafuta yenyewe. Siku moja alipima utupu akapata mita moja na robo, akashuka, na kwa haraka akaiandika kwenye safu ya jaa. Tangi lililokuwa karibu kujaa likasomeka kuwa karibu na tupu. Alikwenda akamwambia mtu wa pampu afungulie. Mtu huyo wa pampu alikuwa wa bara, Mkristo, mzee wa kanisa lake, aliyekuwa akimwamkia Mwalimu kila asubuhi kwa mikono miwili. Akafungulia kama alivyoambiwa. Mawese yakafurika, yakatoka uani, yakashika barabara, na malori yaliteleza pale Shimanzi kutwa. Wakubwa wakasema mtu wa pampu alisinzia. Wakamrudisha nyumbani.

"Karatasi ninayo mimi," akasema. "Hakuna aloiulizia. Naifungua naitizama, naifunga. Siku tatu. Ingekuwa penseli, mwanangu, ningeifuta. Wallahi ningeifuta, na yule mzee wa watu angepotea, nami ningekufa nayo. Wino ndio ulonisema."

"Ukaenda?"

"Siku ya nne asubuhi. Wakamrudisha kazini. Mimi wakanipa barua ya onyo, na tangi wakaniachia, maana nani mwengine atapanda?" Akavuta mtandio begani. "Naye aliniamkia vile vile, kwa mikono miwili. Hiyo ndiyo iliyonitafuna. Zile siku tatu alizokaa kwake, siyui aliwaambia nini watoto wake. Hizo sijazipima hadi leo."

Nilishika mkono wake. Muda kidogo akauondoa, akajifuta uso, na sauti yake ikarudi kuwa ya mkekani.

"Una karatasi?"

Nilipekua mkoba. Palikuwa na karatasi moja tu, ile fomu. Nikaigeuza upande mweupe.

"Kalamu ya wino? Haya. Andika usiyoyayua. Moya moya, uyasome nisikie."

Nilidhani nitaujaza ukurasa na kuomba mwingine. Nikaandika la kwanza, kwamba sielewi kwa nini mfululizo unaweza kukaribia mahali bila kufika. Kiasi gani, akauliza. Nikasema maana yake naielewa, thibitisho lake ndilo linaloniponyoka hatua ya tatu. "Basi andika hatua ya tatu." Tukaenda hivyo. Nilitaja maneno ambayo hakuwahi kuyasikia, na kwa mara ya kwanza nikafahamu kwamba mwanamke huyu hakujua hata kidogo ninachosoma, hisabati yake iliishia pale ilipoishia ya kidato cha nne na majedwali ya matangi. Nilikuwa nimemwogopa kama anayenisahihishia mtihani. Naye aliendelea tu, kiasi gani, kiasi gani, na kila mara jambo likapungua.

Kalamu ikasimama.

"Na jengine?"

"Hakuna."

"Tafuta."

Nikatafuta kwa moyo wote. Nilifunga macho nikapita somo lote mwanzo mpaka mwisho. "Hakuna, Mwalimu. Ni tisa."

"Na somo zima lina mambo mangapi?"

Nikahesabu kwa vidole. "Kama arubaini."

"Toa."

Nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa nne wa shahada mbili, na nilitoa tisa kwenye arubaini kwa sauti, kama mtoto wa mkekani. Thelathini na moja. Sikuacha kuogopa. Ningedanganya nikisema niliacha, na hata leo, matokeo ya marudio hayajatoka, naamka na hofu ile ile. Ila pale kwenye chumba hofu yangu ilipata ukubwa, na haikuwa kubwa kama nilivyoibeba.

"Na nikiacha?" nikamuuliza.

"Ukitaka kuacha, acha. Injinia mmoya mzuri ashinda wawili wabovu. Mimi nilikwambia usichague, nikakimbilia dirishani nikapiga makelele, sikukuuliza waogopa kiasi gani. Hilo ni kosa langu. Liandike hapo chini, mbali na yako."

Nikaliandika. Nilikuwa nimekandamiza kalamu mno, na nilipoigeuza karatasi wino ulikuwa umetokeza upande wa pili, juu ya mahali pa saini. Nikamwambia. Akauliza kama bado panafaa kutiwa saini. Nikatazama, nikasema hapafai, na nikasema hata pangekuwa pasafi nisingetia, nitarudia.

"Haya basi," akasema. "Nenda dirishani."

Sikuelewa. Kisha nikaelewa. "Mwalimu, nakuomba."

"Sauti yangu haifiki hata kwa misumari siku hizi. Sema wewe." Alikuwa amekaa wima, mikono mapajani. "Miaka yote dirisha lile limetoa A tupu. Watu wadhani wasichana wangu hawaanguki. Wasichana nao wadhani vivyo. Ndiposa ukakaa miezi saba."

Nilijitanda mtandio. Nikasukuma mbao, zikalia. Chini baraza zote mbili zilikuwa na watu, na pale pembeni mafuta ya viazi karai yalikuwa yanachemka. Mama yangu hakuwapo, nikamshukuru Mungu.

"Jamani!" Sauti ilitoka nyembamba. Nikaanza tena. "Jamani! Nimefeli hesabu! Narudia mtihani baada ya wiki tatu! Asosikia na aulize!"

Wote walinyanyua nyuso. Hakuna aliyesema mashallah wala aliyesema pole, walinitazama tu, na nilitamani sakafu ya mbao ifunguke niangukie kwenye misumari. Kisha yule mzee wa Kibohora akatoka mlangoni kwake, akatazama juu, akarudi ndani, nikasikia nyundo ikigonga mizani.

Mama wa viazi alikuwa na kijiko cha matundu mkononi. Alikiweka juu ya karai, akajifuta mikono kwenye leso, akaweka kiganja juu ya macho kukinga jua.

"Mbili!" akaita. "Umefeli kiasi gani?"

Nyuma yangu nilimsikia Mwalimu wa Juu akicheka, kicheko kidogo kilichomletea kikohozi.

"Tisa!" nikajibu.

"Tisa tu?" Akachukua tena kijiko chake. "Shuka ule viazi."